Nani humfanya mchezaji ajitume? Kocha, lawama na dhamana katika raga ya wachezaji 13

Tarehe 22 Aprili 2010, klabu ya raga ya Melbourne Storm ilivuliwa karibu kila kitu. Uongozi wa NRL, ligi kuu ya Australia, ulibaini kuwa ofisi ya klabu hiyo ilikuwa na mikataba ya aina mbili kwa miaka kadhaa: mmoja wa kuwaonyesha wakaguzi, mwingine wa kumlipa mchezaji fedha halisi. Lengo lilikuwa kukwepa kikomo cha mishahara ambacho kila klabu hutakiwa kukiheshimu. Ubingwa wa 2007 ukafutwa, wa 2009 ukafutwa. Faini pamoja na fedha za zawadi zilizotakiwa kurudishwa zikafika dola 1,689,000 za Australia. Pointi 8 zilizokwisha kuvunwa msimu ule zikafyekwa. Kisha ikaja adhabu iliyowauma zaidi wachezaji: hata wakishinda mechi zote zilizobaki, hawatapewa pointi yoyote mpaka msimu uishe.

Siku 3 baadaye walikuwa na mechi dhidi ya Warriors ya New Zealand. Storm walishinda 40-6.

Msimu ulipomalizika walikuwa wameshinda mechi 14 kati ya 24, na kwenye msimamo wa ligi waliburura mkia wakiwa na sifuri.

Mimi hurudi kwenye msimu huo kila ninaposikia mabishano ya ari ya wachezaji. Kombe hakuna. Pointi hakuna. Hatua ya mtoano hakuna. Jina la klabu limechafuka, na kila mtu alijua kuwa baadhi ya wachezaji wangelazimika kuuzwa au kuachwa ili mishahara irudi chini ya kikomo. Kila kitu tunachozoea kukiita motisha kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa. Hata hivyo watu wale waliamka asubuhi wakaenda mazoezini, na siku ya mechi wakaingiza mabega yao kwenye miili ya watu wa kilo 110. Walikuwa wanamchezea nani?

Swali hilo limefungamana na jingine linaloulizwa kwa ukali zaidi: timu inapolegea, kosa ni la nani? Wapo wanaosema wachezaji ni watu wazima, wanalipwa vizuri, na kocha si mzazi wao wa kuwaamsha. Wapo wanaosema timu isiyo na ari ni kioo cha kocha wake, basi afungashiwe virago. Kila upande una sehemu ya ukweli, na ndiyo maana ubishi hauishi. Ili kuufungua, inabidi kwanza tuutazame mchezo wenyewe.

Mchezo usioficha uvivu

Wengi wetu Afrika Mashariki raga tuliyoizoea ni ile ya wachezaji 15, au ile ya wachezaji 7 ambayo Kenya ilitwaa nayo taji la Singapore mwaka 2016 kwa kuinyuka Fiji katika fainali. Hii ya wachezaji 13 ni binamu yake. Ilizaliwa tarehe 29 Agosti 1895 katika hoteli moja mjini Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, pale vilabu vya miji ya viwanda na migodi vilipojitenga na chama cha raga. Wachezaji wao walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo na wachimba makaa ya mawe. Ukienda kucheza Jumamosi umekosa zamu, na ukikosa zamu nyumbani hakupikwi. Vilabu vilitaka kuwafidia ujira huo, chama kikakataa. Kwa hiyo swali la mchezaji anaidai nini klabu, na klabu inamdai nini mchezaji, limekuwamo katika mchezo huu tangu siku ulipozaliwa.

Namna unavyochezwa ni rahisi kueleza. Timu yenye mpira ina nafasi ya kuangushwa mara 6. Mchezaji akikabwa na kulazwa chini, huinuka, huurudisha mpira nyuma kwa mguu, mwenzake anauokota na mchezo unaendelea. Wakiangushwa mara ya sita, mpira unakwenda kwa wapinzani. Ndiyo maana baada ya kuangushwa mara ya tano timu nyingi huupiga mpira mbali kwa mguu na kuukimbilia. Timu inayozuia nayo hutakiwa kurudi nyuma mita 10 kila mpinzani anapoinuka na mpira, kisha kupanda tena kumkabili anayefuata. Rudi, panda, kaba, inuka, rudi. Dakika 80. Mchezaji wa katikati anaweza kukaba mara 40 katika mechi moja, na tangu 2016 kocha wa NRL anaruhusiwa mabadiliko 8 tu.

Katika mazingira hayo uvivu hauna pa kujificha. Mtu mmoja akichelewa kurudi kwenye mstari kwa nukta moja, linabaki tundu, na wapinzani hulipitia hilohilo. Lakini mengi ya yale yanayoulinda mstari hayaandikwi popote. Hakuna takwimu ya mtu aliyekimbia mita 40 kwenda mahali ambapo mpira haukufika. Hakuna anayepigiwa makofi kwa kuinuka haraka kutoka ardhini akiwa amechoka. Kiswahili kina neno lake: kujituma. Anayetumwa ana bwana wake nyuma. Anayejituma, mtumaji ni yeye na anayekwenda ni yeye. Kocha anaweza kumtuma mtu akabe. Hawezi kumtuma ajitume.

Kabla hatujafika kwa kocha, kuna kosa moja la macho ambalo mashabiki hulifanya kila wiki, nami nililifanya kwa miaka. Tunauona uchovu tunauita kukosa moyo.

Katika raga hii, timu iliyofungwa ndiyo inayoanzisha mpira kwa kuupiga kwenda kwa timu iliyoifunga. Wanaofuatilia raga ya wachezaji 7 watashangaa, maana huko aliyefunga ndiye anayepiga. Maana yake ni kwamba ukifungwa trai, yaani mpinzani akigusisha mpira chini nyuma ya mstari wako wa goli, unazuia tena, na ukifungwa nyingine, unazuia tena. Mwenye mpira anapumua. Asiye nao anarudi mita 10, anapanda, anakaba. Ongeza hapo makosa madogo, mpira unaodondoka mkononi au penalti ya kijinga, na baada ya dakika 30 miguu ya wachezaji imekwisha. Wanaanza kurudi kwenye mstari wakitembea. Kamera inawaonyesha wakitembea. Mtangazaji anasema hawa hawataki kucheza. Huenda walitaka sana. Kilichowafikisha pale ni mipira iliyoanguka dakika ya 10.

Tarehe 4 Juni 2020, Brisbane Broncos walifungwa 59-0 na Sydney Roosters, tena nyumbani kwao. Mwishoni mwa msimu ule walishika nafasi ya mwisho kwa mara ya kwanza tangu waingie ligini mwaka 1988. Kocha Anthony Seibold aliondoka mwezi Agosti. Maneno yaliyozagaa yalikuwa yaleyale: wachezaji hawana moyo, kocha hawezi kuwatia moyo. Na Seibold huyo, miaka miwili tu kabla, akiwa South Sydney, ndiye aliyechaguliwa kocha bora wa mwaka. Je, alisahau kazi?

Waliofukuzwa na waliotwaa kombe

Hapo ndipo historia ya karibuni ya NRL inapotoa funzo ambalo sijaona ligi nyingine ikilitoa kwa uwazi hivi.

Klabu ya Wests Tigers ya Sydney ilikuwa bingwa mwaka 2005. Mara ya mwisho kufika hatua ya mtoano ilikuwa 2011. Tangu hapo imebadilisha makocha mara nyingi: Tim Sheens, Mick Potter, Jason Taylor, Ivan Cleary, Michael Maguire, Sheens tena, na sasa Benji Marshall, ambaye alikuwa nyota wa kikosi kile cha 2005. Miaka ya 2022, 2023 na 2024 ilishika mkia mara tatu mfululizo. Kila kocha alipokuja, tuliambiwa ataleta ari mpya.

Sasa tazama mabingwa wa ligi hiyohiyo. Miaka ya 2021, 2022, 2023 na 2024 bingwa alikuwa Penrith Panthers, kocha Ivan Cleary. Mwaka 2025 bingwa alikuwa Brisbane Broncos, kocha Michael Maguire. Mataji matano mfululizo yamechukuliwa na watu wawili ambao wote walishindwa kuifikisha Wests Tigers hata kwenye mtoano. Maguire alitimuliwa Tigers katikati ya msimu wa 2022. Cleary naye alikuwa amewahi kutimuliwa na Penrith hiyohiyo mwaka 2015. Sababu iliyotolewa hadharani ni kwamba alionekana kuchoka. Akarudi 2019.

Mtu anaweza kuichukua habari hii na kusema: basi kocha hana maana, maana mtu yuleyule huku anashindwa, kule anashinda. Haraka hiyo haina baraka. Broncos walimaliza msimu wa 2024 katika nafasi ya 12 wakiwa na kocha Kevin Walters, aliyekuwa amewafikisha fainali ya 2023 na kuongoza 24-8 kabla Penrith hawajapindua matokeo na kushinda 26-24. Walters akaachwa, Maguire akaja, na kwa kikosi ambacho wengi wao walikuwa walewale, wakawa mabingwa ndani ya mwaka mmoja. Kusema kocha hana maana mbele ya ushahidi huo ni ukaidi.

Ninavyoona mimi, kosa liko katika jinsi tunavyoifikiria ari yenyewe. Tunaichukulia kama mafuta ambayo kocha huja nayo kwenye dumu. Akija na dumu lililojaa, timu itawaka; likiisha, mlete mwingine. Cleary hakuwa na dumu moja la Tigers na jingine la Penrith. Penrith ina eneo kubwa la magharibi mwa Sydney ambako vijana huanza raga utotoni, na ina mfumo wa kuwalea. Jarome Luai, Brian To'o na Stephen Crichton walitoka Mount Druitt, mtaa wa hukohuko, wakapanda pamoja tangu timu za vijana. Nathan Cleary, mchezaji anayeongoza mashambulizi yao, ni mwana wa kocha mwenyewe. Kwa vijana kama hao, anayekuangalia ukirudi kwenye mstari dakika ya 70 ni mtu uliyemfahamu tangu mna miaka 14. Kocha hakuitengeneza hali hiyo peke yake. Aliikuta, akaijengea utaratibu, na hakuivuruga, na kutoivuruga nako ni ufundi.

Kuhusu dawa ya kumfukuza kocha, mchumi wa Uholanzi Bas ter Weel aliwahi kuichunguza katika ligi kuu ya kandanda ya nchi yake, kwa misimu ya kati ya 1986 na 2004. Timu zilizomfukuza kocha katikati ya matokeo mabaya kweli ziliimarika baadaye. Lakini timu zilizopita katika kipindi kibaya kilekile zikabaki na kocha wao, nazo ziliimarika vilevile. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Kocha hufukuzwa timu ikiwa imefika chini kabisa, imepoteza mechi ambazo nyingine ilizipoteza kwa bahati mbaya tu. Kutoka hapo njia nyingi zinaelekea juu. Kocha mpya anapokelewa wiki ileile bahati inaporejea, na sifa zote anazibeba yeye.

Kwa nini basi vilabu huendelea kufukuza? Kwa sababu kikosi kikuu cha NRL kina wachezaji 30 wenye mikataba, na huwezi kuwafukuza wote Jumatatu asubuhi. Kocha ni mmoja. Katika Kiswahili cha siasa zetu neno kuwajibika limekuja kumaanisha kujiuzulu, na nadhani hapo tumejipunja. Mtu akiondoka, wajibu haujatimizwa, umehama tu.

Kinachomfanya mtu ajitume

Rudi kwenye swali la 2010. Walikuwa wanamchezea nani?

Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci alifanya jaribio lililokuja kuwa maarufu. Aliwapa wanafunzi vipande vya fumbo la kuunganisha. Baadhi aliwalipa kwa kila umbo walilolitatua, wengine hakuwalipa. Malipo yalipokoma na wote wakaachwa wakae wanavyotaka, waliokuwa wamelipwa walipoteza hamu ya fumbo kuliko wenzao ambao hawakuwahi kuahidiwa kitu. Yeye na mwenzake Richard Ryan wakaendelea na utafiti kwa miongo, wakafikia hoja kwamba hamu idumuyo humea pale mtu anapohisi ana kauli katika anachokifanya, anaona anakiweza na anakua, na ana watu wa kwake katika kazi hiyo.

Hili halimaanishi fedha si kitu. Mwili wa mchezaji wa raga una miaka 10 au 12 ya kuuza, basi ni haki yake kuuza vizuri, na wachimba makaa wa 1895 wangekuwa wa kwanza kumuunga mkono. Ila fedha hununua saini. Haijui kununua kurudi kwenye mstari. Kanuni ya NRL inamruhusu mchezaji kuzungumza na vilabu vingine kuanzia tarehe 1 Novemba kabla ya mwaka wa mwisho wa mkataba wake. Kwa hiyo kila msimu kuna watu wanaovaa jezi ya klabu huku kila shabiki akijua mwakani watakuwa kwingine. Kwa hesabu ya fedha peke yake, mtu kama huyo angetegea. Luai alikuwa amekwisha kukubaliana na Wests Tigers kabla msimu wa 2024 haujaanza. Alicheza msimu mzima Penrith, akaibeba timu pale Nathan Cleary alipoumia, na akaondoka na taji la nne. Kocha hakuhitaji kumhubiria. Mkataba uliobaki ulikuwa kati yake na wale vijana wa Mount Druitt, na huo hauna tarehe ya kuisha.

Storm wana desturi inayonigusa sana. Chini ya Craig Bellamy, kocha wao tangu 2003, wachezaji wapya wamekuwa wakipelekwa kufanya kazi za mikono kwa muda, kazi za ujenzi na kubeba mizigo, kabla hawajazama katika maisha ya kulipwa kwa kucheza mpira. Ukiitazama juujuu ni adhabu ya bure. Mimi naiona ni kumrudisha kijana Huddersfield, aonje maisha ambayo mchezo wake ulitokana nayo, na ajue jirani yake shabiki anaamka saa ngapi. Pia inampa jambo alilopitia pamoja na wenzake wote waliomtangulia pale, wakongwe kwa wageni.

Kwa hiyo mwaka 2010, pointi zilipofutwa, kilichobaki hakikuwa kidogo. Walibaki wao kwa wao, na kazi waliyoijua. Walikuwa na Cameron Smith, Billy Slater na Cooper Cronk, watu waliolelewa na Bellamy tangu ujana. Walimu wa raga huzungumza juu ya viwango: saa ya kufika, namna ya kuinuka, namna ya kuzungumza na mwenzako aliyekosea. Viwango hivyo havikuwa vimeandikwa kwenye jedwali la ligi, basi jedwali lilipochukuliwa havikwenda nalo. Mwaka uliofuata, baada ya kumpoteza Greg Inglis na wengine, Storm waliongoza msimamo wa ligi. Mwaka 2012 wakawa mabingwa kwa kuifunga Canterbury Bulldogs 14-4.

Hapo ndipo ninapoona mpaka wa wajibu wa kocha kwa uwazi. Hawajibiki kwa ari ya mtu, ambayo iko ndani ya mtu. Anawajibika kwa mambo yanayoifanya ari hiyo iwe na maana au iwe upuuzi. Je, mchezaji anajua kazi yake ni ipi? Je, nyota akitegea anaambiwa sawa na kinda akitegea? Kijana akiona mwenye mshahara mkubwa anatembea kurudi kwenye mstari na Jumatatu hakuna neno, amekwisha kufundishwa, na hotuba yoyote ya Ijumaa itakayofuata ni kelele. Ninaamini timu nyingi zinazoitwa hazina moyo ziliupoteza mahali hapo, kwenye kimya cha kocha mbele ya mtu mmoja.

Hotuba za chumba cha kubadilishia nguo sizidharau. Zina dakika 10 zake. Mchezo una 80, na msimu una mechi 24.

Dhamana ya mwili wa mwingine

Kuna mzigo mwingine wa kocha ambao mashabiki hatuuzungumzii kwa sababu hauonekani kwenye matokeo, nao ndio mzito zaidi. Tumezoea kuuliza jinsi ya kumfanya mchezaji ajitume zaidi. Katika mchezo wa kugongana, mara nyingi swali linalotakiwa ni nani atamzuia.

Mchezaji aliyegongwa kichwani na bado anataka kurudi uwanjani ana ari tele. Atasema yuko sawa, atadanganya, atacheka. Tulizoea kumwita shujaa. Kocha naye anataka kushinda, na yule aliyegongwa huenda ndiye mchezaji wake bora. Kumwachia mmoja wao uamuzi ni kumwachia mtu asiyeweza kuamua kwa haki. NRL imelazimika kuuondoa uamuzi huo mikononi mwao: daktari asiye wa klabu hufuatilia mechi kwenye runinga na anaweza kuagiza mchezaji atolewe, na tangu 2023 aliyethibitika kupata mtikisiko wa ubongo hukaa nje siku zisizopungua 11. Baadhi ya makocha walinung'unika kupoteza watu katikati ya mechi. Nadhani kanuni hiyo imewatua wao pia mzigo.

Mfano mchungu zaidi ni Cronulla Sharks. Mwaka 2011 wachezaji wa klabu hiyo waliwekwa kwenye mpango wa virutubisho na sindano ambao baadaye ulichunguzwa na mamlaka za kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni. Desemba 2013 NRL iliitoza klabu faini ya dola milioni 1 na kumfungia kocha Shane Flanagan miezi 12. Wachezaji kadhaa nao walifungiwa mwaka 2014. Hoja ya NRL dhidi ya klabu na kocha ilikuwa dhamana: waliokabidhiwa miili ya vijana wale walishindwa kuitunza. Fikiria upande wa mchezaji wa miaka 20. Anaambiwa na watu anaowaamini kwamba hiki kitakusaidia. Anatoa mkono. Kujituma kwake, sifa ileile tunayoidai kila wiki, ndiko kulikomfanya asiulize.

Flanagan alirudi na kuipa Cronulla ubingwa wa 2016, wa kwanza tangu klabu ianze kucheza mwaka 1967. Hadithi ni ngumu hivyo, na sioni haja ya kuilainisha. Kocha anaweza kuwa hodari wa kuwaunganisha watu na bado akawa ameshindwa mahali pa kuwalinda.

Na kuna nyakati ambazo kocha hubeba mzigo usio wake kabisa. Julai 2022, ofisi ya klabu ya Manly iliandaa jezi yenye mistari ya upinde wa mvua kuonyesha kuwa klabu inawapokea wote, wakiwemo wapenzi wa jinsia moja. Wachezaji hawakushirikishwa kabla. Wachezaji 7 walikataa kuivaa kwa sababu za imani na utamaduni wao. Aliyekaa mbele ya waandishi wa habari kuomba radhi, kwa wachezaji na kwa wale ambao jezi ilikusudiwa kuwakaribisha, alikuwa kocha Des Hasler. Manly hawakushinda tena mechi msimu ule. Oktoba Hasler akaachishwa kazi. Chochote mtu anachofikiri juu ya jezi ile, uamuzi wa kutowauliza watu watakaoivaa ulifanywa juu ya kichwa cha kocha, na ufa ulioingia kikosini yeye ndiye aliyepewa auzibe ndani ya siku chache. Ukisoma msimamo wa ligi wa mwaka ule utaona tu timu iliyolegea mwishoni.

Tarehe 5 Oktoba 2025, katika fainali mjini Sydney, Michael Maguire na Craig Bellamy walikutana. Mmoja alitimuliwa miaka mitatu nyuma na klabu iliyokuwa ikiburura mkia; mwingine amekaa kiti kimoja tangu 2003, ukiwemo mwaka ule wa sifuri. Storm walikwenda mapumziko wakiongoza 22-12. Kipindi cha pili hawakupata hata pointi moja, Broncos wakashinda 26-22. Niliirudia dakika 40 za mwisho nikiwaangalia Storm tu, mpira usipokuwa karibu nao. Walikuwa wanarudi mita 10. Mpaka kipenga cha mwisho walikuwa bado wanarudi mita 10, kisha wanapanda.